Sikio la Fisi

Fisi ananuka sabuni. Nikiwaambia hivyo watu wa mjini wanacheka, kwa sababu wanadhani mnyama anayekula mizoga lazima anuke mzoga. Sisi tuliokulia Kimali, huko Meatu, tunajua. Asubuhi umande haujakauka, unapita kwenye nyasi ndefu, mguu unagusa bua lenye utando unaonata, mweupe kama mafuta yaliyoganda, na harufu inapanda: sabuni ya kienyeji inayochemka kwenye sufuria, iliyochachuka kidogo. Fisi hujisugua pale kwa upande wa nyuma ili fisi wenzake wajue kwamba amepita na kwamba mahali hapo pana mwenyewe. Sasa mimi ni fundi cherehani hapa Bariadi, na mama wa chumba cha pili huchemsha sabuni za kuuza. Siku anayochemsha nafunga dirisha la upande wake, hata joto liwe kali namna gani. Anafikiri nina kinyongo naye. Kinyongo ninacho kweli, ila si naye. Ni cha mnyama mmoja na mtu mmoja. Kisasi cha mnyama kililipizwa nikiwa mtoto, mbele ya macho yangu. Cha mtu kilichelewa.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kitongojini. Ukipita nyuma ya zizi hukukuta tena mtu, ulikuta mbuga. Ilikuwa ardhi nyeusi, tambarare, inayonata miguuni wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi inapasuka nyufa za kuweza kumeza fimbo ya mchungaji. Juu yake nyasi, katikati ya nyasi migunga michache iliyotawanyika, na baada ya hapo anga tupu mpaka macho yachoke. Wanyama walitoka upande wa hifadhi, wakaingia kwetu na kurudi kama watu wanaokwenda mnadani. Swala tomi walifika mpaka kwenye mabua ya mtama, mikia yao haitulii hata kidogo. Mbuni tuliwajua kwa zamu zao: jike wa kijivu analalia mayai mchana, dume mweusi anampokea jua likizama, na mama alikuwa akimwonyesha baba kwa kidole na kusema, "Mtazame mwenzio." Ngiri tulimcheka kwa sababu huingia shimoni kinyumenyume, makalio kwanza, ili meno yabaki mlangoni. Muhanga hatukumwona kamwe. Tuliona mashimo yake tu, mapya kila asubuhi, udongo umerushwa nje kama na mtu aliyekasirika, na kila mnyama asiyetaka kuchimba alihamia humo: ngiri, nungunungu, fisi. Korongo walitembea nyuma yetu tukiwa shambani, wakiokota panzi tuliowashtua kwa miguu yetu.

Fisi naye alikuwa mmoja wao, na sitasema uongo kwamba tulimwogopa tangu mwanzo. Kwa Kisukuma tunamwita mbiti. Jioni tulimsikia akianza mbali, sauti inaanzia chini na kupanda mwishoni kama ya mtu anayeuliza, na mama angesema, "Anauliza kama mmefunga mbuzi." Tulikwenda kuangalia mlango wa zizi, basi. Kinyesi chake ni cheupe kwa sababu anatafuna mifupa, na kikikauka kinaandika. Sisi ambao chaki tuliiona mkononi mwa mwalimu tu tuliokota vipande hivyo na kuchorea kwenye mawe. Mdogo wangu Kabula, ambaye alikuwa bado hajafikia umri wa shule, alichora kwenye ukuta wa jiko uliokandikwa udongo mweusi. Alichora ng'ombe. Ng'ombe wake wote walikuwa na masikio makubwa kuliko vichwa. Mama alimkaripia kwa kupaka mavi ya fisi kwenye ukuta wa chakula, kisha akaiacha michoro ilivyo, na hata alipokandika upya alipita pembeni yake.

Masikio yale yalikuwa na sababu. Kwetu kila ukoo ulikuwa na mkato wake. Ndama akishapata nguvu alishikwa na wanaume, akakatwa sikio kwa kisu kikali, mkato uleule ambao babu wa ukoo ule alikata. Wengine walitoa pengo moja mbele ya sikio la kushoto, wengine mapengo mawili, wengine walipasua ncha ya sikio la kulia, wengine walikata kwa chini. Ng'ombe akipotea na kuonekana mbali, hakuna aliyeuliza rangi yake. Waliuliza sikio. Mtu aliyejua kusoma masikio kuliko wote alikuwa jirani yetu Jilala, mtu wa makamo mwenye mifugo mingi na sauti ya kusikika. Kundi la wageni lingepita na vumbi lake, na yeye, akiwa ameketi kwenye kigoda, angesema, "Yule mwekundu wa nyuma si wao, yule ni wa akina fulani wa ng'ambo ya mto." Na ikawa kweli. Watu walitoka vijiji vingine kuja kumchukua akawasomee. Naeleza haya ili uelewe kwamba Jilala hakuwa mjinga wala mlevi. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa sahihi, na hilo kwangu ndilo baya zaidi.

Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Mchana wote vidole vilikuwa vikichomwa na maganda makavu, na jioni nyuzi nyeupe zimetuganda kwenye nywele kama tumezeeka. Kabula alilazwa juu ya shuka, kichwa chake kwenye lundo la pamba, chini ya mgunga wa mwanzo wa shamba, kama watoto wote wa wavunaji wanavyolazwa. Mama na mimi tulikuwa kwenye mistari ya karibu, baba upande wa pili, kaka yangu machungani na mbuzi. Jua lilikuwa bado lipo, limeinama tu. Fisi hakutoa sauti. Nilisikia korongo wakiruka wote kwa pamoja, nikageuka kuwatazama, na chini ya mgunga palikuwa na pamba iliyotawanyika. Mama alipiga mwano, ule ukelele wetu wa hatari ambao ukiusikia unaacha chakula na kukimbilia unakotoka. Wanaume walikuja na mikuki na marungu, Jilala mbele yao kwa sababu alikuwa akichunga karibu. Walimfuata mnyama kwenye nyasi mpaka bondeni. Wakarudi na Kabula amefunikwa kwa shuka la Jilala. Sitaandika zaidi ya hapo. Mama alimwosha mwenyewe na hakuruhusu mkono mwingine umguse.

Kwa watu wetu fisi wako wa aina mbili. Yupo fisi wa Mungu, ambaye ni mnyama tu na njaa yake, na yupo fisi wa mtu, ambaye anafugwa kwa uchawi, anatumwa na kurudi kwa mwenyewe kama mbwa. Utawasikia wazee wakiuliza hivyo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote: wa Mungu au wa mtu? Siku tuliyonyolewa nywele kwa ajili ya msiba, wanaume wameketi upande wa zizi na wanawake upande wa jiko, Jilala alilijibu swali kabla hajaulizwa.

"Huyu si wa Mungu," alisema. "Fisi wa Mungu hatoki jua likiwa juu. Halafu nimemwona mimi mwenyewe. Kule bondeni aligeuka akanitazama, nikamwona sikio."

"Sikio gani?" baba aliuliza.

"La kushoto. Mapengo mawili kwa mbele."

Hakuna ambaye hakuyajua mapengo hayo. Mapengo mawili mbele ya sikio la kushoto ulikuwa mkato wa marehemu Lugembe. Lugembe alikuwa amekufa zamani, ng'ombe wake wakaisha, na aliyebaki katika mji wake alikuwa mjane wake, Bibi Nyanzobe, na mbuzi wachache. Aliishi peke yake, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa mabua ya pamba, kama yalivyokuwa ya mama na kama yalivyo yangu sasa. Fikiria kosa lenyewe. Kwingine mtu akimwona fisi mwenye sikio lililochanika atasema amepigana. Kwetu, watu tuliolelewa na masikio, sikio lililochanika lazima liwe limeandikwa, na likiandikwa lazima liwe na mwenyewe.

Walikubaliana waende kwake mnada ukishapita. Hilo sijalisahau. Walikuwa tayari kumtoa bibi kizee nyumbani kwake na kumfanya walivyotaka, lakini baada ya kuuza ng'ombe zao. Baba aliinamisha kichwa, hakukubali wala kukataa. Mama alitoka jikoni na chungu cha uji, kichwa chake kinang'aa kwa kunyolewa, akakiweka katikati ya wanaume.

"Mimi ndiye niliyezaa," alisema. "Mbona siulizwi?"

"Mama Minza, wewe lia," Jilala alimwambia, akimwita kwa jina langu, tena kwa upole. "Hii kazi ni yetu."

"Nimelia. Sasa namtaka mwenye meno."

"Mwenye meno ametumwa."

"Basi mkamlete huyo aliyetumwa, atuambie nani kamtuma."

Kijana mmoja alicheka, akajizuia kwa kukohoa. Jilala hakucheka. Alichukua kata, akajichotea uji, akanywa mpaka ukaisha, akasema uji mtamu.

Kesho yake mama alinishika mkono tukaenda kwa Bibi Nyanzobe. Habari zilikuwa zimemfikia. Alikuwa ameketi mlangoni na kiko chake mdomoni hakina moto, na kando yake kitenge kimefungwa fundo, vitu vyake vyote ndani. Hakuwa na pa kwenda mbali zaidi ya kwa binti yake aliyeolewa Kasoli, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Mwadila, mayu," mama alimsalimu, kama tunavyomsalimu mzazi jioni; mayu kwetu ni mama.

"Mwadila. Umekuja kuniaga au kuniua?"

"Nimekuja kuazima jembe."

"Huna jembe wewe?"

"Ninalo moja. Nataka mawili. Nachimba shimo la fisi."

Bibi alimtazama, akatoa kiko mdomoni. "Wanasema ni wangu," alisema. "Sasa kama ni wangu si nimwite tu aje, tukaokoa migongo?"

Walicheka wote wawili, mama na yeye. Kilikuwa kicheko cha kwanza kwa mama tangu jioni ile, na mimi nilikichukia, nikaona kama amemsahau Kabula. Baadaye nikaelewa kwamba hakuwa amesahau. Alikuwa amepata mtu wa kushirikiana naye.

Walichimba kwenye njia ya wanyama, kule bondeni, mahali ambapo muhanga alikuwa ameanza shimo na kuliacha. Walilipanua na kulishusha, mama ndani akichimba, Bibi na mimi juu tukivuta udongo kwa kikapu. Udongo wa mbuga ukikauka ni kama jiwe, jembe linaruka na kurudi. Bibi alichoka haraka, akawa anakaa na kusema na shimo. Alimtukana fisi matusi ambayo sikujua kwamba watu wazima wa heshima wanayajua. Shimo lilipofika kina cha kumzidi mama urefu, walilifunika kwa mabua ya pamba na nyasi, na Bibi akaleta mbuzi wake jike mzee, akamchinja palepale, akamtundika juu ya shimo kwenye kijiti kilichoinama. "Wamesema nimemlisha fisi mtoto wa mtu," alisema akiosha kisu. "Basi leo ndiyo nalisha kweli." Sikumwona akilia wakati wowote.

Kisha tukangoja, na wanyama wote wa mbuga wakaja isipokuwa yule tuliyemtaka. Tai walizunguka wakashuka, wakatembea kando ya shimo kama wazee wenye mikono nyuma. Bweha alipita pembeni kwa wepesi, akala utumbo uliodondoka ukingoni, akaondoka bila kuvunja hata bua. Kila asubuhi tulikwenda tukakuta mbuzi amepungua na shimo halijaguswa. Siku ya mnada ilifika. Vumbi la ng'ombe likapita mbele ya nyumba yetu kwenda, na alasiri likapita kurudi, dogo zaidi, na wanaume nyuma yake wakiongea kwa sauti. Jilala alimpigia baba kelele kutoka njiani: "Asubuhi basi!" Baba akainua mkono. Mama alikuwa akikoroga ugali. Hakuinua kichwa, lakini mwiko ulisimama.

Alfajiri tulisikia. Haikuwa sauti ya kuuliza. Ilikuwa ile nyingine, ya kucheka, ambayo fisi haitoi kwa furaha, huitoa akiwa amebanwa. Mama alikuwa ameshaamka. Alimwomba baba mkuki na baba akakataa. Alikuwa ameketi mlangoni na mkuki umelala magotini, akasema kwamba mtu akimwua fisi wa mtu, mwenyewe humgeukia, na kwamba hataki kuzika tena. Nadhani aliogopa kweli, simlaumu sana. Mama hakubishana naye. Alikwenda kwenye kinu, akachomoa mchi, akauweka begani kama mtu anayekwenda kutwanga kwa jirani. Nilimfuata na hakunikataza.

Fisi alikuwa chini, anazunguka, macho yanawaka kijani, manyoya yake yana madoa na shingo nene kama ya ndama. Harufu ya sabuni ilijaa shimo lote. Bibi Nyanzobe alikuwa amefika kabla yetu, ameketi ukingoni, miguu yake iliyovimba inaning'inia ndani kidogo kama anamchokoza. "Nimemwita mara kumi," alisema, "haitiki. Labda si wangu." Mama alisimama juu ya shimo, akauinua mchi kwa mikono miwili na kuushusha, kama anavyoushusha kwenye mtama kila siku, bila haraka na bila kukosea. Fisi aliuma mchi. Alama za meno yake zilibaki kwenye mti ule mpaka ulipochakaa. Mama aliuvuta, akauinua tena. Alitwanga mpaka kukawa kimya, na baada ya kimya akatwanga tena. Wengine wakisimulia mambo kama haya husema walifumba macho. Mimi sikufumba. Nilihesabu kila pigo kuwa langu.

Tulipomtoa kwa kamba tuliona kwamba alikuwa jike, na maziwa yake yamejaa. Maana yake kulikuwa na watoto mahali fulani, ndani ya shimo la muhanga, wakingoja. Mama aliyaona maziwa yale. Alisimama, akajifuta jasho kwa kanga, na uso wake ukawa mgumu kusoma. Bibi akasema kwa sauti ndogo, "Mayu." Mama akajibu, "Nimeona." Akachukua kisu cha Bibi akakata masikio yote mawili. Mimi nilifikiri juu ya wale watoto wakilia njaa gizani na nilifurahi. Nilifurahi siku ile na sijapata huruma yao mpaka leo, nimejaribu, haiji.

Wanaume walikuwa wamekusanyika kwa Jilala, fimbo mikononi, wengine bado wana macho ya pombe ya mnadani. Mama aliingia na mchi begani, damu imemkauka kwenye mikono, masikio ndani ya pindo la kanga. Mimi nyuma yake, na nyuma yangu, polepole, Bibi Nyanzobe mwenyewe. Kumwona yeye akija kwa miguu yake walikokuwa wakijiandaa kumfuata kuliwachanganya, wakafungua njia.

"Mwangaluka, wazee," mama alisema, akawapa salamu yao ya asubuhi kama kawaida. "Mzee Jilala, wewe unajua kusoma. Nisomee."

Akamwekea sikio la kushoto kiganjani. Jilala aliligeuza. Lilikuwa limechanika kama kitambaa cha kufutia vyungu, huku na huku, makovu ya zamani na mapya, kwa sababu fisi huumana masikio kila wanapogombea nyama.

"Mapengo mangapi?" mama aliuliza.

"Hili limechanika tu," Jilala alisema.

"Soma."

Wengine walisogea kutazama, na wakaanza kusoma wao, maana hawakuweza kuliona sikio bila kulisoma. Mmoja akasema hapa kwa chini ni kama mkato wa akina Maduhu. Maduhu mwenyewe akasema hapana, kwetu hupanda juu zaidi, hapo ni kwa akina Ngassa. Wakabishana kwa dhati kabisa, wamesahau walichokuja kufanya, mpaka ukoo baada ya ukoo ukawa umetajwa kwenye kipande kile cha ngozi. Mama aliwaacha. Kisha akatoa sikio la kulia. Hilo lilikuwa zima, isipokuwa ncha yake imepasuka mara moja, moja kwa moja, safi kama kwa kisu.

Mke wa Jilala, aliyekuwa amesimama nyuma na kata ya maji, alichungulia, akasema kabla hajafikiri, "Mbona hili letu."

Nakumbuka maji yakidondoka kutoka kwenye kata ile.

"Ndiyo," mama alisema. "Sasa tuanze kwa nani? Mnada umekwisha. Nafasi mnayo."

Walitawanyika mmoja mmoja. Kila mmoja alikumbuka kazi yake. Jilala alibaki kwenye kigoda na sikio mkononi, na mama akanyoosha mkono akamnyang'anya, akalifunga tena kwenye pindo pamoja na la kulia. Jilala hakusema nimekosea. Hakusema siku ile, wala mwaka ule, wala alipokutana na Bibi njiani. Tuliporudi nyumbani mama aliuosha mchi kwa maji ya moto na majivu, akatwanga mtama, akapika ugali. Baba alikataa kula. Mama na mimi tulikula. Ulikuwa mtamu.

Ningependa kusema Bibi Nyanzobe aliishi kwa amani baada ya hapo. Hapana. Hakuna aliyemgusa, lakini hakuna aliyekwenda kwake kuomba moto tena, wala kumpa michembe ya viazi wakati wa kukausha, na watoto walifundishwa kupita mbali na mlango wake. Jilala alikuwa amelisema neno lile mbele za watu, na hata lilipothibitika kuwa la uongo halikurudi mdomoni mwake. Kiangazi hakijaisha, Bibi alilifunga tena fundo lake. Mama alimsindikiza mpaka kwa binti yake Kasoli, na huko alikufa miaka michache baadaye, kwa watu wasiomjua alivyokuwa mchekeshaji. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza mama kama ana hakika fisi yule ndiye aliyemchukua Kabula. Alikuwa akichambua mchele na hakuacha. "Sina," alisema. "Mbiti ni wengi." Nikamwuliza kama hilo halimsumbui. Akasema, "Nilitaka mmoja wao, na nilimtaka mapema."

Mama amefariki mwaka huu, wakati wa mavuno. Alikuwa mzee, aliugua kifua, alitibiwa, akachoka, akalala. Tulimzika Kimali karibu na Kabula. Ukuta wa jiko wenye ng'ombe weupe ulianguka kwa mvua siku nyingi zilizopita. Mbuga nayo imekatwa mashamba, na jioni mbili nilizokaa pale sikumsikia mbiti hata mmoja akiuliza. Ng'ombe wa siku hizi wanavaa hereni za plastiki zenye namba, vijana wanasoma namba, na hakuna mtu anayetumwa kijiji kingine kwenda kusoma sikio. Nilipokuwa nikigawa uji kwa waombolezaji chini ya turubai, mzee Jilala alifika, akiongozwa na mjukuu wake, macho yake yamefunikwa na utando mweupe. Aliketishwa kwenye kiti cha mbele kwa heshima. Alikohoa, watu wakanyamaza, na akasema kwa ile sauti yake ya kusikika, "Kifo hiki nimekisikiliza. Hiki si cha Mungu." Nikaona vichwa vinageuka, na nikaona vinageukia wapi: kwa mke wa kaka yangu, mwanamke mpole, mgeni kwetu, aliyemwuguza mama mpaka mwisho.

Niliweka chungu chini. Niliingia chumbani kwa mama, nikatafuta kwenye kibuyu chake cha mbegu, kwa sababu nilijua kilipo. Nilitoka nikapiga goti mbele ya Jilala kama mtoto mwenye adabu, nikafungua kiganja chake, nikaweka ndani yake kitu kikavu, kigumu, chenye manyoya machache yaliyobaki.

"Babu," nilimwambia, "wewe unajua kusoma. Nisomee."

Hakuona, lakini kidole gumba chake kilianza kutembea chenyewe. Kilipita ukingoni polepole, kikapanda, kikafika kwenye ncha, kikaingia kwenye mpasuko ule na kusimama.

"La nani?" niliuliza kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie.

"La kwangu," alisema.

"Asante. Sasa tuambie tena kuhusu kifo cha mama."

Nilingoja mpaka kila mtu pale akaelewa kwamba hatasema. Kisha nikachukua sikio letu kutoka kiganjani mwake, nikaenda kumletea uji, na mke wa kaka yangu ndiye niliyempa kata amchotee.